RF 100-400 baada ya misimu miwili ya vumbi: lenzi ya sisi tunaokaa kwenye usukani

Wadau wa picha, kila nikiposti picha ya mnyama naulizwa natumia lenzi gani, na nikijibu watu wanashangaa maana wanategemea kusikia lile bomba kubwa jeupe. Hapana. Natumia Canon RF 100-400mm f/5.6-8, ile nyeusi ndogo, kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya Canon R10. Hizo milimita ni za kuvuta, namba ikiwa kubwa inavuta mbali zaidi, na f ikiwa kubwa mwanga unaoingia ni mdogo. Leo naielezea yote, mazuri na mabaya, maana najua wengi hapa Arusha mnajichanga mnunue mirolesi (kamera isiyo na kioo ndani) ya kwanza na hela yenyewe haichezewi.

Mi ni dereva muongoza watalii. Kiangazi chote niko Tarangire, Manyara, Kreta ya Ngorongoro, Serengeti, narudi nyumbani Sakina kufua na kuondoka tena. Picha napiga nikiwa nimekaa kwenye usukani wa Cruiser, sio nimesimama juu paa likiwa wazi kama wageni, na hilo ndo lililoamua kila kitu. Wageni wangu wengine ni waungwana sana, wananipa lenzi zao nijaribu, kwa hiyo nimeshika Sony 200-600, nimeshika Canon 100-500, nimeshika hata ile RF 200-800. Picha za lenzi hizo ni tamu mno, sitadanganya. Ila Sony 200-600 ina kilo mbili na gramu 115 na urefu wa karibu sentimita 32 kabla hujaweka kofia ya jua, sasa we kaa kwenye siti ya dereva, mlango kulia, usukani tumboni, halafu duma atokee upande wa kushoto, uigeuze hiyo kitu kifuani bila kugonga kioo wala kumpiga kiwiko mgeni aliyekaa mbele. Mi nilishindwa. Mara mbili mnyama ameshaingia kwenye nyasi mi bado nahangaika na mkanda. Hii 100-400 ina gramu 635 tu na ikiwa imefungwa haifiki sentimita 17, inakaa kwenye sehemu ya chupa ya maji pale kati, mkono mmoja unatosha kuinyanyua.

Halafu kuna kitu watu hawakiulizi kabisa. Kila mtu anauliza inavuta mpaka wapi, hakuna anayeuliza inaanzia wapi. Wanyama wa kwetu wamezoea magari. Tarangire mwezi wa tisa mto umebaki vidimbwi, tembo wanashuka kunywa na wanapita mita 8 toka kwenye bampa, na hapo mwenye lenzi inayoanzia 200 kwenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha) anapata jicho na nusu sikio. R10 ina hiyo sensa ndogo, inaitwa APS-C, kila namba unazidisha kwa 1.6 ukilinganisha na kamera ya sensa kubwa, kwa hiyo 100 yangu inaona kama 160 na 400 inaona kama 640. Nikiwa 100, wakiwa bado hawajasogea sana, napata tembo, mtoto wake na kipande cha mbuyu kwa nyuma, na hiyo ndo picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga mwaka jana. Kubadilisha lenzi pale na lile vumbi la Tarangire sithubutu, sensa itajaa mchanga. Ndo maana hata zile RF 600 na 800 za f/11 sizipendekezi kwa mtu anayeanza, ni nyepesi ndio ila hazizumu kabisa, na ile ya 800 haishiki fokasi kitu kilicho karibu zaidi ya mita 6.

Bei sasa. Ilipotoka 2021 Marekani ilikuwa kama dola 650, wakati ile 100-500 ilitoka kwa karibu 2,700. Huku kwetu inapanda kutokana na usafiri na ushuru, yangu nilimpa hela mgeni aliyekuwa anarudi msimu uliofuata akaniletea. Kabla ya hapo nilizunguka mjini, duka moja karibu na Mnara wa Saa jamaa alinishikilia ninunue 75-300 ya zamani na adapta eti ni kitu kilekile. Sio kilekile jamani! Ile aliyonionyesha haina kituliza mtikisiko, na hii ya RF inacho, Canon wanakipa stopu 5 na nusu (kila stopu unaweza kupunguza kasi ya shata mara mbili bila mkono kutikisa picha), na bodi ya R10 yenyewe haina kituliza ndani kwa hiyo unategemea cha lenzi peke yake. Kaka au dada usikubali hapo.

Mabaya yake. Ukiwa 400 ni f/8, na f/8 ni giza. Chui wa Seronera, katikati ya Serengeti, ana tabia ya kushuka kwenye mti saa kumi na mbili jioni, muda ambao na wewe unawaza kuwahi kambini, na pale ISO (namba ya kuongeza wepesi wa kamera kwa mwanga) inapaa 6400 mpaka 12800, picha inajaa chembechembe, manyoya yanakuwa kama yamepakwa uji. Kituliza hakisaidii mnyama akitembea, kinatuliza mkono wako tu, yeye unahitaji shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/500 hivi na mwanga haupo. Ila sikilizeni, hizo za bei kubwa nazo ukizivuta mpaka mwisho sio kwamba zina mwanga mwingi sana, Sony ni f/6.3, 100-500 ni f/7.1. Anayetaka mwanga wa kweli aende kwenye 400 f/2.8, ambayo ya Canon ilitoka kwa dola 12,000 hivi, bei ya gari ya kutembelea.

La pili, haijazibwa dhidi ya vumbi na maji, na ukizumu pua inatoka nje. Mi naifunika khanga muda wote gari linapotembea, jioni naipuliza kwa ile pampu ya mpira kwanza ndo napitisha brashi, sifuti na shati hata siku moja. Na kofia ya jua haiji ndani ya boksi, unanunua pembeni.

Kuhusu mbali: wengi wanataka 800 kwa ajili ya vifaru wa Kreta maana wanakaa mbali na kutoka barabarani hairuhusiwi. Nimejaribu na 200-800 ya mgeni saa tano asubuhi, kifaru anacheza kama yuko ndani ya maji, ni joto la ardhi hilo linavuruga hewa, na ukivuta zaidi unavuta na huo mvurugiko. Kateremke mapema gari la kwanza kwanza, zima injini maana Cruiser ikiunguruma kila kitu kinatetemeka, egemeza lenzi kwenye kimfuko cha mchele dirishani. Mi nimeshona cha kwangu kwa jinzi ya zamani, kilo mbili za mchele, basi.

Fokasi yake imenifurahisha mno. R10 inatafuta jicho la mnyama yenyewe, hata la digidigi kwenye vichaka, na lenzi haichelewi. Na inashika vitu vya karibu chini ya mita moja, nimepiga kinyonga pale Momela, ndani ya Arusha National Park, kwenye kona ya jani mpaka magamba yanahesabika.

Wenye Sony ndogo kama A6700, mwenzake hii ni 70-350 G, gramu 625, angalieni hiyo kabla hamjakimbilia 200-600. Ila kama unasimama juu ya gari kama mgeni, ndege ndo ugonjwa wako na hela ipo, nenda tu 200-600 au Nikon 180-600, hizo zinazumu kwa ndani hazirefuki.

Kama hujanunua bado, azima ya mtu siku moja uende nayo Arusha National Park, ni karibu, unapinda barabara ya Moshi ukishapita Usa River. Serengeti Ndogo pale asubuhi kuna twiga na pundamilia, mbele msituni kuna mbega juu ya miti kwenye kivuli kizito. Huyo mbega mweusi kwenye giza la msitu ndo atakuambia kama f/8 unaiweza.