Tahadhari: oltaneta za kupuliziwa rangi hapa Nakuru

Wenye magari Nakuru, hasa nyinyi wa Probox na matatu za Molo na Njoro, jihadharini na duka moja la spea hapa mjini linalouza oltaneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) mbovu zilizopuliziwa rangi. Mtalijua kwa mchezo wake.

Gari likikusumbua kuwaka asubuhi, kijana wao analiwasha, kisha anachomoa terminali ya betri injini ikinguruma. Likizima anakwambia, "Oltaneta imekufa, mzee." Huko si kupima. Ukichomoa betri wakati inachajiwa, volti hupanda ghafla na zinaweza kuunguza diodi za oltaneta, regyuleta (kidhibiti cha volti), hata kompyuta ya gari. Oltaneta iliyoingia nzima inaweza kutoka mbovu kweli.

Kisha unauziwa "eksi Japani", yaani oltaneta iliyotumika Japani, na yako inabaki kwao. Mimi ni fundi umeme wa magari. Juzi mteja aliniletea gari alilofungiwa moja ya shilingi 9,500. Nilikuta belti imelegea na terminali ya hasi imejaa unga mweupe. Hayo mawili peke yake hunyima betri chaji! Nikasafisha, nikakaza, nikawasha: volti 12.3, bado haichaji. Nikaifungua oltaneta mbele yake. Rangi ya fedha imepulizwa juu ya vumbi na grisi, mpaka ndani ya vichwa vya skrubu. Kaboni za ndani zimelika karibu kuisha, na pete za shaba zinazosuguana nazo zina mtaro unaonasa ukucha. Risiti hana, pesa alituma M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi, na simu sasa haishikwi. Ile yake ya kwanza labda haikuwa na tatizo lolote, na hataiona tena.

Jamani, dai ipimwe kwa mita ya volti kabla ya kutoa pesa. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma kama 12.6. Ukiwasha, ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5, na isiporomoke ukiwasha taa kubwa na feni. Baadhi ya magari mapya hushusha volti yenyewe, kwa hiyo usihukumu kwa kipimo kimoja. Isipopanda, anza na belti, terminali na fyuzi kubwa ya kuchaji. Ikipita 15, shuku regyuleta. Na kama inachaji vizuri lakini asubuhi gari haliwaki, angalia betri yenyewe, au kitu kinachonyonya umeme usiku.

Ukilazimika kubadilisha, ondoka na ile kuukuu yako. Kama tayari umeuziwa pale, usiitupe, na usifute ujumbe wa M-Pesa: ndio ushahidi wako ukienda kushtaki.