Unga wa fosfeti ya Minjingu: misimu mitatu katika udongo wenye uchachu

Kwa miaka mingi mahindi ya shamba langu huku Njombe yalikuwa yakifika kimo cha goti huku majani yake ya chini yakigeuka rangi ya zambarau, nami kila mwaka nilifanya wanavyofanya majirani, yaani kuongeza DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi na naitrojeni. Hatimaye nilipeleka udongo maabara. Majibu yalionyesha pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 4.9 (chini ya 7 ni uchachu) na fosforasi kidogo mno, hali ya kawaida katika udongo mwekundu wa nyanda zenye mvua nyingi. Ndipo nilipoamua kutia unga wa Minjingu, yaani mwamba wenye fosforasi uliosagwa, katika ekari moja, na ekari ya pili nikaiacha iendelee na DAP ili nipate cha kulinganisha.

Mwamba huu huchimbwa Minjingu, mkoani Manyara, na asili yake ndiyo sababu kubwa ya mimi kuupendelea. Zamani za kale, Ziwa Manyara lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo, kilima cha Minjingu kilizungukwa na maji na kukaliwa na ndege aina ya mnandi. Mavi yao, mifupa yao na mabaki ya samaki yakarundikana hadi yakawa mwamba. Mwamba wa namna hiyo ni laini, na ukisagwa huyeyuka vizuri kuliko fosfeti iliyotokana na moto wa chini ya ardhi, kama ile ya Panda Hill iliyo Mbeya, karibu kabisa na sisi. Mkulima asidhani, basi, kwamba kila jiwe la fosfeti likisagwa huwa mbolea ya aina moja.

Kinachouyeyusha ni uchachu wa udongo wenyewe. Asidi iliyomo ardhini huushambulia unga polepole, ikaachia fosforasi pamoja na kalsiamu, na katika kufanya hivyo uchachu nao hupungua kidogo, ingawa si kwa kiasi cha kuchukua nafasi ya chokaa. Hii ndiyo maana unga unatakiwa umwagwe shamba zima na kuchanganywa na udongo kwa jembe kabla ya kupanda, ili kila chembe iguswe na udongo. Muuzaji wa duka nililonunulia aliniambia niweke kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, kama DAP. Nilimfuata kwa robo ekari, na sehemu hiyo ndiyo iliyofanya vibaya kuliko zote msimu huo. Yafaa anayeuza bidhaa hii aelezwe tofauti hiyo, kwa sababu mkulima akikosea mwanzoni huilaumu mbolea na haigusi tena.

Msimu wa kwanza ekari ya DAP iliishinda ekari ya unga waziwazi; magunia ya mahindi upande wa unga yalipungua, na mke wangu aliniuliza kwa haki kabisa kama tuliyatupa mapesa. Msimu wa pili zilikaribiana. Msimu wa tatu ekari ya unga, ambayo sikuiongezea fosfeti yoyote tangu mara ile ya kwanza, ilisimama sawa na mwenzake iliyonunuliwa DAP kila mwaka, na zambarau ya majani sikuiona tena. Maharage yaliyopandwa katikati ya mahindi yalikuwa yamependeza zaidi upande wa unga, jambo ninalolihusisha na kalsiamu.

Lazima niseme pia kwamba unga huu hauna naitrojeni ya kutegemea wala potasiamu. Ekari zote mbili nilizikuzia kwa urea, mbolea ya naitrojeni, na ekari ya unga niliitilia samadi ya ng'ombe, ambayo naamini ilisaidia sana. Magharibi mwa Kenya watafiti waliuchanganya unga wa Minjingu na majani mabichi ya alizeti mwitu, yale maua ya njano yanayoota kando ya barabara, kwa kuwa majani hayo yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi. Mwenye uzio wa mmea huo hana sababu ya kuuacha ukauke bure.

Kero zake zipo. Ni unga mwepesi sana unaopeperuka, hivyo umwagwe asubuhi kabla ya upepo, na anayemwaga afunge kitambaa puani. Unahitajika kwa kilo nyingi, na kutoka Manyara hadi Njombe nauli hula sehemu kubwa ya unafuu wa bei. Mimi nilinufaika kwa sababu tulikodi gari wakulima kadhaa kwa pamoja. Anayetaka chenga atapata Minjingu Mazao, iliyochanganywa na naitrojeni na virutubisho vingine, lakini hiyo ni bidhaa nyingine na hutumiwa kwa namna nyingine.

Simshauri mtu aliyekodi shamba la msimu mmoja anunue unga huu, kwa kuwa faida yake itavunwa na atakayekuja baada yake. Wala simshauri mwenye udongo wa pH inayozidi 6: humo unga hukaa kama mchanga, na hata wakulima wa bonde la magadi linaloizunguka Minjingu yenyewe hawatapata mengi kutoka kwake. Kwa mwenye shamba lake na udongo mchachu, nauthamini kuliko mbolea yoyote ya fosfeti niliyotumia. Ekari yangu ya pili nitaimwagia mwezi wa kumi, kabla ya mvua, safari hii bila kizibo cha soda.