Medicare na mguu wangu wa bandia: uzoefu wangu

Nilikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya kisukari, nikiwa nimeshavuka miaka 65 hapa Marekani, kwa hiyo mguu wa bandia niliupata kupitia Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, katika Sehemu B, ile inayolipia madaktari na vifaa vya aina hii. Ukishalipa kiasi cha kwanza cha mwaka kinachokuhusu mwenyewe, bima hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa, nawe hubakiwa na asilimia 20, ambayo kwa kifaa cha thamani hiyo si haba. Mimi nilikuwa na bima ya nyongeza, nayo ilinisitiri sana.

Kinachoamua upewe mguu wa aina gani ni daraja la utembeaji, kuanzia 0 hadi 4. Aliye daraja la 0 halipiwi mguu. Wa daraja la 2 ni yule anayemudu ukingo wa barabara, ngazi na ardhi isiyo sawa, au anayetarajiwa kuvimudu akishazoezwa. Kliniki ya kwanza iliandika tu kwamba natembea kwa shida, na ombi la idhini ya bima likarudishwa bila kukubaliwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenipandisha ngazi huku akinitazama, akaandika nashika wapi, nageuka vipi, na nyumbani natoka kwenda wapi. Maelezo hayo ndiyo yaliyopita.

Tangu tarehe 1 Septemba 2024, hata mtu wa daraja la 2 anaweza kulipiwa goti lenye kompyuta ndogo ndani yake, akitimiza masharti. Nikishuka ngazi, goti hilo hujizuia na kukunjika polepole, nami sijioni tena nikitupwa mbele. Kwa mzee aliyewahi kuanguka, jambo hili ni kubwa mno.

Baadaye kigutu changu kilipungua, nikawa navaa soksi juu ya soksi na bado kikombe, yaani sehemu ya mguu wa bandia inayoshika kigutu, kinacheza na kunichubua. Jambo ambalo wengi hatuambiwi ni kwamba si lazima usubiri miaka kadhaa ipite: bima hulipia kibadilishwe ikiwa mwili umebadilika, kifaa kimeharibika kiasi cha kutotengenezeka, au matengenezo yanazidi asilimia 60 ya bei ya kipya. Mwombeni daktari aandike waziwazi ni sababu ipi kati ya hizo. Wangu aliandika, na kikombe kipya kililipiwa kwa utaratibu uleule.