Kibanda umiza cha mtaani kwetu Mbagala: picha kwa jero, ubishi wa Simba bure

Naanza na bei za hili banda la kuangalizia mpira maana najua ndo kitu mtauliza. Mechi za kawaida za Ligi Kuu jero, yaani mia tano, dabi ya Simba na Yanga na mechi za Afrika buku, yaani elfu, za Ulaya inategemea mwenye banda kaamkaje. Watoto wanakaa chini mbele bure mpaka mtu mzima akose pa kukaa. Jina la banda silitaji kwa sababu nadaiwa kahawa tatu pale na pia kuna mambo nitayasema hapa ambayo mwenyewe hatoyapenda, itoshe tu kwamba lipo Mbagala, mabati juu mabati pembeni, na nimelitumia msimu mzima wa 2024/25 kwa hiyo sio kwamba nimepita siku moja nikaja kuandika.

TV zipo mbili. Kubwa ipo ukutani, picha safi, hata namba mgongoni unasoma. Ya pili ni TV ya chogo ipo pembeni kule karibu na mlango, hiyo wanawekewa wale wa mikeka, wanaobeti, wanaofuatilia mechi ambayo hakuna mtu mwingine anaijua. Mabenchi ni ya mbao na hayana pa kuegemea, ikifika dakika ya 70 mgongo unaanza kukuuliza maswali, kwa hiyo wahi benchi la nyuma kabisa lile linalogusa ukuta, ila siku ya dabi hilo benchi lina wenyewe tangu mchana. Feni mbili, moja inafanya kazi na nyingine ipo kama pambo. Choo ni cha nyumba ya jirani, omba kwa adabu.

Sasa kero. Ya kwanza, pale goli unalisikia kabla hujaliona. Kuna banda jingine hatua kama hamsini hivi na picha yao inawahi yetu sekunde tatu nne, nahisi wao wanatumia antena sisi dishi, sasa we umeshika roho mkononi unamwangalia mpigaji anarudi nyuma halafu kule washalipuka. Siku ya Simba yetu na Al Masry, Aprili 9, 2025, robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, tumetoka kufungwa 2-0 Misri tukarudisha 2-0 kwa Mkapa tukaenda kwenye matuta, aisee matuta yote yale matokeo nilipata kwa masikio kwanza, macho yanafuata. Tulishinda 4-1 ndo maana hakuna aliyelalamika, siku ile hata ungetuonyesha kwa redio tungekushukuru.

Kero ya pili ndo iliyoniuma. Juni 25, 2025, dabi ya kuamua ubingwa, Yanga ana pointi 79 sisi 78, yaani tukishinda tu tunabeba, banda limejaa mpaka watu wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Kipindi cha pili umeme ukakata. Jenereta ipo, nzuri tu, haina mafuta! Dogo akatumwa na kidumu, karudi na kidumu na mkate, sijui mkate wa nini, mpaka inawaka Yanga washapata la kwanza. Mechi ikaisha 2-0. Tukadai hela, mwenye banda anatuambia goli lenyewe la Yanga, nyie Simba mlitaka kuliona la nini. Wananchi, yaani Yanga, ndo walidai kwa nguvu zaidi na kwa kweli ilikuwa haki yao, walilipa buku wakaona goli moja, jingine wakahadithiwa. Hakurudisha hata mia. Hapo namkata nyota nzima.

Lakini bado naenda, na sababu sio TV.

Chukua Jumapili ya Julai 13, 2025. Fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Chelsea na PSG, saa nne usiku, mimi nimelipa kuona PSG anamtandika mtu. Mpaka mapumziko Chelsea 3-0, Palmer peke yake mawili. Watu wakaitupa ile mechi hapo hapo. Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza kama anajiuliza mwenyewe, "Hivi Simba msimu huu tunasajili nani?" Basi, kwa heri Chelsea. Na hapa ndo nampa mwenye banda sifa yake, alichukua rimoti akapunguza sauti ya TV bila kuambiwa, akawasha ile taa ya nje, akamwita muuza kahawa asogee. Huduma hiyo hujaiona hoteli yoyote.

Akaanza fundi seremala wetu, Simba damu, kwamba watu watulie, timu inajengwa, mwaka wa kwanza tu wa kocha Fadlu na wale vijana tumefika fainali ya Shirikisho, fainali ya kwanza ya Afrika tangu 1993.

Pale kuna mzee mmoja Yanga, mstaafu wa bandari, anakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha plastiki anachokuja nacho kutoka nyumbani. Akamwambia taratibu, "Mwanangu, inajengwa tangu lini? Daraja la Busisi kule Mwanza limeanza 2020, mwezi uliopita limefunguliwa, magari yanapita. Nyie bado mnachanganya zege." Banda zima chini. Na hiyo fainali ya 1993, akasema, alikuwepo uwanjani siku Stella Abidjan anawafunga Simba 2-0 hapa hapa Dar, alikata tiketi kabisa akaenda kuwashangilia wageni.

Dogo mmoja wa chuo naye Simba akatoa simu akaanza kusoma makocha tangu ubingwa wetu wa mwisho wa 2020/21: Gomes, Pablo, Zoran, Mgunda, Robertinho, Benchikha, Mgunda tena, Fadlu. Zamu nane kwa misimu minne! Kila anayekuja anataka wachezaji wake, anawaleta, anafukuzwa, wachezaji wanabaki kama fenicha za mpangaji aliyehama. Akasema tatizo letu ndo hilo, kocha apewe miaka mitatu kwa maandishi.

Nikaona hapo mzee kakamatika, maana Yanga wenyewe msimu huo huo wa 2024/25 walitumia makocha watatu, Gamondi, Ramovic, Hamdi, na bado wakabeba ubingwa wa nne mfululizo. Nikamrushia hilo nikijua nimemaliza kazi. Mzee akanywa kahawa kwanza. Akasema, "Kocha tulibadilisha. Wachezaji je? Diarra alibadilishwa? Job alibadilishwa? Bacca? Aucho? Wangapi hapo hawajafikisha miaka mitatu Jangwani, hapo Yanga?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, sasa hata Simba wamenyamaza, kwamba mwenyekiti wao Manji alivyoondoka 2017 wao walitembeza bakuli, sio msemo, bakuli kweli, washabiki wanachanga, na sisi tuliwacheka huku tunabeba minne yetu. Ila walipopata hela hawakununua majina kila dirisha, walijenga uti wa mgongo halafu wakaulinda, ndo ukaona zile mechi 49 bila kufungwa mpaka Ihefu alivyoharibu sherehe Novemba 2022, ndo ukaona fainali ya Shirikisho 2023 na USM Alger waliyoikosa kwa goli la ugenini tu. Kocha akija anakuta nyumba, anapanga viti anavyotaka.

Mi hapo kimoyomoyo nilikubali japo kwa mdomo siwezi, nina majirani. Ukiangalia vizuri sisi nyumba tuliibomoa wenyewe Agosti 2021. Tumetoka kubeba ubingwa wa nne na robo fainali ya Klabu Bingwa, dirisha hilo hilo moja tukamuuza Chama Berkane na Miquissone Al Ahly. Hela sawa, klabu inahitaji hela, lakini unang'oa nguzo mbili za katikati kwa mpigo mmoja halafu unategemea bati libaki juu? Chama alirudi Januari 2022, ila timu aliyoiacha hakuikuta, na 2024 akaenda zake Yanga. Na fainali ya Shirikisho ya Mei 2025 tulifungwa na nani? Berkane hao hao. Kule kwao dakika kumi na tano hazijaisha washatupiga mbili, kwetu, uwanja wa Amaan Zanzibar, Mutale akafunga mapema tukaota ndoto, Kagoma akala kadi nyekundu, wakasawazisha mwishoni kabisa. Jumla 3-1. Siku hiyo banda lilikuwa kimya kama msiba, mama wa chips alifunga mapema.

Kwa hiyo msimamo wangu mimi kwenye mjadala wa usiku ule ulikuwa kwamba sitaki usajili wa kutikisa mji. Tulimaliza na 78 Yanga 82, hizo ni pointi za ushindi mmoja na sare moja, hatukuachwa mbali kama watu walivyoongea. Kipa tulikuwa naye, Camara, mdogo bado. Ahoua alimaliza mfungaji bora na magoli 16 huku akiwa kiungo. Mpanzu huyo alikuja katikati ya msimu na akaonyesha. Mngeniuliza siku ile nani asiondoke, ningesema hao wasiguswe hata kwa dau la Waarabu, angalau miaka miwili. Tulipokuwa tunavuja ni pembeni, kulia Kapombe kushoto Tshabalala, hao mabwana walikuwa wanacheza pamoja tangu 2017, Tshabalala alikuwepo tangu 2014 jamani, na mpaka msimu ule unaisha ningekuuliza mrithi wa kila mmoja ni nani ungeanza kukuna kichwa. Dogo wa chuo aliongeza la maana hapo, kwamba Bunju kuna viwanja vya mazoezi tangu 2019, ila tukihesabu wachezaji waliotoka timu ya vijana wakaanza dabi vidole vinabaki. Fundi akamjibu vijana hawabebi ubingwa. Mzee wa bandari akacheka tu, hakuingilia, nadhani aliona kesi ya familia.

Ubishi uliisha kama saa sita na ushee, kombe la Chelsea hakuna aliyeliona likinyanyuliwa. Hakuna aliyepigana. Mwenye banda ana sheria moja, ukimtukania mtu mzazi unatoka nje na kiingilio chako kimekwenda, na nimeshaona anaitekeleza kwa shemeji yake. Utani wa makolo (Simba) na utopolo (Yanga) ruksa.

Msosi kwa kifupi: chips mayai buku tatu, ni nzuri ila usiagize kipindi cha pili kimeanza maana mama naye anaangalia mpira. Kahawa mia mbili, chungu, kali, kashata zinaisha mapema. Mishikaki siizungumzii.

Wakati ule CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ilikuwa inaanza Agosti 2, 2025 hapa hapa kwa Mkapa na mwenye banda alisema ataweka jero mechi zote za Taifa Stars, pia aliahidi kidumu cha mafuta kitakaa kimejaa muda wote. Nilimwambia nakiandika hicho ili asije akakana. Nampa nyota nne kwa watu na mbili na nusu kwa banda, nyie jumlisheni mnavyojua. Bodaboda paki upande wa mwembe, upande wa mfereji jioni kunajaa maji.

Kitu kingine, ukiingia angalia bati la kushoto juu ya TV ya chogo, utaona maandishi ya chaki. Usiku ule fundi na mzee wa bandari waliwekeana: Fadlu akimaliza msimu wa 2025/26 akiwa bado Msimbazi, yaani Simba, mzee anamlipia fundi kahawa msimu unaofuata wote, akiondoka kabla, analipa fundi. Mwenye banda ndo kaandika na wote wameweka sahihi, mimi na dogo wa chuo mashahidi. Fundi alitaka kumlipisha mzee na kashata, mzee akakataa, akasema kashata tusubiri kwanza dirisha lifungwe.