Baraza ya Mikindani Aliyozuiwa Mjomba Wangu

Nilikuwa nimekusudia kuisifu nyumba hii ya wageni, na sehemu ya sifa hizo bado nitaitoa, ingawa mkono unasita. Ni nyumba ya kale ya mawe iliyoko Mikindani, mwendo mfupi wa bajaji kutoka Mtwara mjini, ambayo wenyewe wameikarabati na kuifanya mahali pa kulala wageni. Jina lake silitaji. Asije mtu akadhani nalizungumzia boma la Wajerumani la mwaka 1895 lililo kule juu kilimani. Hilo nalo ni hoteli, lakini halihusiki na malalamiko yangu hata kidogo.

Nilifika siku chache baada ya Idi, nikapewa chumba cha ghorofani, chembamba na kirefu kama vyumba vyote vya nyumba za aina hiyo, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Boriti zile wameziacha, na kwa hilo nawashukuru. Kuta ni nene kiasi kwamba mchana wa joto nililala bila kuwasha feni. Laiti ningeondoka jioni ileile, maoni haya yangekuwa mafupi na matamu.

Kosa langu, kama ni kosa, lilikuwa kumwalika mjomba wangu. Yeye ni mzaliwa wa Mikindani, na alipokuwa kijana mdogo alimsaidia fundi mmoja kuitia chokaa nyumba hiyohiyo. Alikuwa akinisimulia tangu utotoni jinsi mawe ya matumbawe yalivyopangwa juu ya magogo na kuchomwa, kisha yakamwagiwa maji, na chokaa ikaachwa ikae muda mrefu kabla ya kupakwa ukutani. Nilitaka aione nyumba yake ikiwa hai tena. Alikuja baada ya swala ya alasiri, amevaa kanzu yake ya Idi, tukakaa barazani.

Hatukumaliza hata kuulizana habari za nyumbani. Kijana mmoja wa kazi akatoka ndani, akasimama mbele ya mzee wa umri wa babu yake bila shikamoo wala samahani, akasema: "Mzee, hapa ni kwa wateja. Mkitaka kukaa, agizeni kwanza." Nikamwambia kwamba mimi ni mgeni wa nyumba na ufunguo wa chumba ninao mfukoni. "Wewe sawa," akajibu, "lakini yeye hajalipia."

Mjomba hakusema neno. Aligeuka, akaupapasa ukuta, akaukwaruza kidogo kwa ukucha, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hii saruji. Wameifunika chokaa yetu kwa saruji." Hapo ndipo yule kijana alipotamka maneno ambayo hadi leo yananinyima usingizi: "Usiguse ukuta, mzee. Hili ni jengo la urithi."

Urithi wa nani? Nauliza kwa hasira, na sioni haya kuuliza kwa hasira. Mtu aliyezibeba ndoo za chokaa iliyoupaka ukuta huo anaambiwa asiuguse, na anayemwambia hajui kama kilichopakwa juu yake ni chokaa au saruji. Ndani, karibu na meza ya mapokezi, wametundika maelezo yanayomtaja Livingstone, aliyepita Mikindani mwaka 1866 akielekea bara katika safari yake ya mwisho. Sina ugomvi na Livingstone. Ila mgeni akiyasoma maelezo yale hadi mwisho, hatakutana na fundi hata mmoja.

Baraza nayo, kwa wasiojua, si sehemu ya kupangishwa kwa saa. Mwenye nyumba wa pwani alijenga baraza ili apokee watu bila kuwaingiza ndani, na ili apitaye akichoka apate pa kukaa. Hapo ndipo penye bao, kahawa, posa, na matanga. Ukiweka bei barazani, ni afadhali uibomoe, ujenge ukuta, watu wajue moja.

Nikikumbuka hali ya nyumba hiyo ilivyokuwa zamani, hata hivyo, ulimi unalegea. Baada ya Vita Kuu ya Pili, bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga, biashara ikahamia huko, na Mikindani ikabaki na nyumba kubwa zisizo na wa kuziezeka. Niliwahi kuiona hii ikiwa na miti juu ya kuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye husubiri mpaka litangazwe rasmi, na hata likitangazwa, tangazo halizibi paa. Fedha za wageni ndizo zilizoliziba paa hili. Kwa hiyo sisemi, na sitasema, kwamba nyumba ya kale isifanyiwe biashara.

Lakini hata hiyo biashara wanaifanya vibaya. Asubuhi niliamka nikakuta mkoba wangu umejaa vumbi jeupe, na juu yake lipu imevimba mfano wa andazi, kipande kimoja kimeshaanguka. Mjomba alikuwa ameshanieleza sababu: jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, chokaa huuachia unyevu utoke, saruji huufungia ndani mpaka ukuta unaanza kujibandua. Nilipomweleza msimamizi, alijibu kwamba fundi wao ametoka mbali na ana uzoefu wa majengo makubwa. Kuhusu mjomba, alinipa pole, akaongeza kwamba angenipunguzia bei ya juisi. Juisi!

Nilipanga kutoa nyota nne. Jioni ile zilishuka hadi moja, na sasa nikiandika nimezipandisha kuwa mbili kwa ajili ya zile boriti na paa, ingawa nikiikumbuka kanzu ya mjomba inainuka kutoka barazani naona hata mbili ni ukarimu uliopitiliza. Yeye mwenyewe hana kinyongo. Kila nikimpigia simu huniuliza kama ile lipu imeendelea kudondoka, na husema kwamba wakimwita atakwenda kuwaonyesha namna ya kuichanganya chokaa, mradi wamwachie akae barazani wakati inapoa.