Makumbusho ya Pantani Italia, kwa sisi wa kupanda milima

Wadau wa baiskeli Mbeya, mkibahatika kufika Italia msiishie Roma, nendeni mji wa Cesenatico, kuna Spazio Pantani, makumbusho ya Marco Pantani, yule mwendesha baiskeli Mtaliano aliyekuwa mkali wa milima, iko jirani kabisa na stesheni ya treni wala huhitaji boda. Sio pakubwa ila kwa mpenda mlima panatosha, kuna baiskeli zake, jezi, picha, vikombe, yani ile jezi ya njano ya kinara wa Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa, na ya pinki ya Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, ukiziona kwa macho unabaki umesimama tu. Jamaa alibeba Giro na Tour mwaka mmoja, 1998, na hakuna aliyerudia mpaka Mslovenia Tadej Pogačar 2024, sasa piga hesabu.

Mi nilikwama kwenye zile baiskeli zake za kampuni ya Bianchi. Maana Pantani alikuwa anapanda kasimama kwenye pedali huku kashika usukani kule chini kabisa, sehemu ambayo wenzake wanashika wakiwa mteremkoni au tambarare, jaribu hiyo Kitonga kisha uje unisimulie hahaha.

Ile habari ya kutolewa kwenye Giro 1999 akiwa anaongoza, kisa kipimo cha damu kilizidi kiwango, kitu kinacholeta shaka ya dawa za kuongeza nguvu, halafu kufariki 2004 ana miaka 34 tu, inauma jamani. Wapo wasiomsamehe, mi bado namuita bingwa.

Nyota 4 kati ya 5. Ulizieni saa za kufungua kabla hamjaenda, na mkipata mwenyeji anayejua Kiitaliano mchukueni mtafaidi zaidi.