Mofa za moto za Kajificheni

Hapa Mji Mkongwe wa Unguja, ukitoka Hamamni kuelekea Kajificheni baada ya sala ya alasiri, pua itakuonesha njia. Harufu ya mtama unaookwa haifanani na ya ngano. Ni nzito zaidi, ina uchachu kidogo, na nyuma yake upo moshi wa makumbi ya nazi. Ifuate mpaka ukute mlango wa mbao uliofunguliwa ubao mmoja. Hapana bango, hapana meza wala kiti. Pana jiko la udongo lenye umbo la mtungi, limezungushiwa mawe. Pana beseni la kinyunya lililofunikwa kanga, sufuria ya supu ya pweza juu ya mkaa, na bibi mtu mzima aliyekaa kwenye kibao kifupi, mikono imemchafuka unga hadi viwikoni. Anauza mkate wa mofa. Nanunua kwake tangu Juni, mara nne au tano kwa wiki, na nataka kumweleza vizuri kwa sababu najua wapo wengi wenye maradhi ya sukari kama mimi ambao wamekata tamaa ya mkate.

Disemba iliyopita nilikwenda spitali kwa ajili ya kiu isiyokwisha na macho kufanya ukungu. Nikapimwa sukari kabla sijala kitu, mashine ikaandika 14.6. Mimi nasomesha hesabu skuli ya msingi, namba hazinitishi, lakini ile ilinitisha. Marehemu baba alikuwa na sukari, na tulimuuguza mguu wake miaka miwili, kwa hiyo nilikuwa naijua njia yote inapoelekea. Daktari, binti mdogo lakini mwenye subira, alichukua kalamu akanichorea sahani nyuma ya cheti. Nusu mboga za majani, robo samaki au kuku au kunde, robo iliyobaki wanga. Nipunguze mchele mweupe, boflo (mkate wa ngano), maandazi, na chai ya sukari niiache kabisa.

Chai niliiacha siku ile ile. Mkate ulinitoa machozi, na sioni haya kusema. Mimi ni mtu wa mkate. Tangu nikiwa mtoto asubuhi yangu ni boflo la moto na chai, na Ijumaa mkate wa kumimina. Miezi sita ya mwanzo nilikula robo yangu ya wanga kama anayemeza dawa: kipande cha muhogo wa kuchemsha, kijiko cha wali, na roho haikutulia.

Na nyumba nayo ilichagua kuharibika wakati huo huo. Tunakaa Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya matumbawe aliyoiacha babu, kuta nene zaidi ya dhiraa moja, vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Mvua za masika zilipokolea, ukuta wa chumba cha jiko ulianza kuvimba. Fundi mmoja miaka ya tisini aliupiga lipu ya saruji, akatuambia hapo hatutaushughulikia tena. Watu wa Mji Mkongwe mnajua kilichotokea. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, maji yanaingia na yanatoka. Ukiuvisha saruji, maji yanakaa ndani, chumvi inatoka kwenye mawe, inasukuma lipu, na unyevu unapanda hadi kwenye vichwa vya boriti. Boriti tatu zilikuwa zimeoza palipoingia ukutani. Ukizibonyeza kwa kidole, kidole kinazama.

Mama yangu ana miaka themanini na mmoja. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, iporomoke, ile Disemba 25, 2020, mvua ikipiga usiku yeye hukaa kitandani na tasbihi, anasikiliza dari. Siwezi kumwambia asiogope. Kwa hiyo pesa nilizokuwa nimeweka kwa jambo jingine zikaenda kwenye nyumba. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kilipatikana, na mwezi wa Juni jiko likavunjwa. Tangu hapo tunapika kwenye jiko la mkaa ukumbini juu, hatua tano kutoka kitanda cha mama, na vumbi la chokaa liko kwenye mashuka, kwenye vikombe, kwenye madaftari ya wanafunzi wangu.

Aliyenipeleka kwa bibi huyu ni fundi wetu wa chokaa. Ni Mpemba, mtu wa maneno machache. Siku moja alirudi kutoka sala ya alasiri na kifurushi cha gazeti, akakifungua juu ya gunia. "Mwalimu, karibu." Nikamwambia fundi, ahsante, mkate nimekatazwa. Akasema, "Huu wa mtama. Bi mkubwa wetu nyumbani ana sukari, anakula huu." Nikachukua nusu. Nilikuwa nimesimama kwenye kifusi cha jiko langu, mkono mmoja una mkate wa moto, na kwa mara ya kwanza tangu Disemba nilikula bila kuhesabu.

Sasa niuseme mkate wenyewe. Mofa ya bibi huyu ni duara dogo, kiasi cha kiganja, nene kama vidole viwili. Kinyunya ni unga wa mtama, maji, hamira na chumvi kidogo, anakikanda usiku na kukiacha kiumuke mpaka kesho yake mchana, ndiyo sababu ya ule uchachu. Hakisukumi kwa mti wa chapati. Anachovya mkono kwenye bakuli la maji, anachota donge, analipapasa mara tatu nne kati ya viganja, kisha anaingiza mkono mzima ndani ya jiko na kulibandika ukutani. Mkono unaingia na kutoka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Akishabandika kumi au kumi na mbili anafunika kifuniko cha bati, anaweka jiwe juu. Akifunua, anazibandua kwa chuma kilichopindwa ncha. Upande uliogusa ukuta umekuwa mgumu, wa kahawia iliyokoza, na upande wa juu una alama za vidole vyake vinne. Kila mofa ina vidole vinne. Ukiipasua ikiwa moto, ndani ni laini, ya kijivujivu, inatoa mvuke. Ukiitafuna inahitaji kazi. Haiyeyuki kama boflo, na hilo kwangu ni faida, kwa sababu mbili zinakutosha na unajua kwamba umekula.

Bei ni shilingi 500 moja. Supu ya pweza bakuli dogo 1,500. Ipo pia achari ya mbirimbi, hiyo hauzi, anakuwekea kijiko kimoja pembeni ukimwambia masalkheri kwa adabu.

Kuhusu sukari nitasema ukweli niliouona kwenye mashine yangu, kwa sababu mtaani watu wanasema mtama hauna sukari, na hilo si kweli. Mtama ni wanga, na wanga unapanda. Nimepima saa mbili baada ya kula, zaidi ya mara ishirini, na nimeandika kwenye daftari. Mofa mbili na supu na mchicha, mara nyingi napata kati ya 8 na 9. Daktari ameniambia tuhakikishe haivuki 10. Siku niliyokula tatu, kwa sababu zilikuwa moto na nilikuwa na huzuni, ilifika 11.3. Kwa boflo, nusu yake tu ilishawahi kunifikisha 12. Hayo ni ya mwili wangu. Wa kwako upime mwenyewe na umuulize daktari wako.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Wiki ya pili nilimwambia bibi kwamba presha nayo imeanza kupanda na nimeambiwa nipunguze chumvi, kwa hiyo supu nitaiacha. Hakunijibu kitu. Kesho yake nilipofika akanyosha mkono nyuma ya sufuria kubwa, akatoa kisufuria kidogo chenye kifuniko. "Hii yako mwanangu. Nimeichota kabla sijatia chumvi." Ndani mlikuwa na vipande vya pweza, kitunguu thomu, pilipili manga, na ndimu nzima iliyokatwa. Tangu siku hiyo kila jioni anachota kabla ya chumvi. Sasa tuko wanne wa kisufuria, na yeye anatujua kwa sura. Hajawahi kututoza zaidi, na hajawahi kutaja maradhi yetu mbele ya foleni.

Foleni yenyewe naipenda. Watoto wa chuo cha Kurani wanakuja na bakuli walizotumwa, wapagazi kutoka Darajani, mama mmoja wa Mkunazini ambaye kila siku anauliza "zimebaki?" hata kama beseni limejaa. Wanazungumza bei ya vitunguu, mpira, nani kaposa. Dakika kumi na tano hakuna anayeniuliza fundi kafikia wapi wala sukari imepanda ngapi. Narudi nyumbani na kifurushi kinachochoma kwapani, na ngazi zetu zilizojaa vumbi nazipanda haraka ili zisipoe.

Mama ana meno machache. Anaimega mofa vipande vidogo, anavitia ndani ya supu, anasubiri, kisha anakula kwa kijiko na macho kayafumba. Mara ya kwanza nilipomletea aliishika akaigeuza, akatia vidole vyake vinne kwenye zile alama nne. Akasema mama yake alikuwa akioka mofa Ramadhani, na yeye kazi yake ilikuwa kukaa na fimbo kufukuza paka. Sijawahi kuisikia hadithi hiyo maisha yangu yote. Usiku ule ilinyesha, mvua ndogo, akalala.

Kasoro zipo. Moshi, kwanza. Uchochoro ni mwembamba, na upepo ukigeuka macho yanawaka, mwenye pumu asisimame karibu, atume mtu. Pili, zinakwisha mapema. Ukifika saa kumi na mbili utakuta jiko linafuka moshi tu. Wakati wa Ramadhani, wanavyosema wateja wa zamani, lazima uagize tangu asubuhi. Tatu, mofa iliyolala ni ngumu kama kigae, usinunue za kesho. Ukilazimika, inyunyize maji na uibanike tena juu ya mkaa. Na mara mojamoja zile za chini kabisa ya jiko huungua upande mmoja. Mwambie akubadilishie, hakasiriki.

La nne si kasoro kwa maoni yangu, lakini mwenye sukari alijue. Mtama mzuri haupatikani kila wiki. Ukiadimika, bibi anachanganya na unga wa ngano. Anakwambia kabla hujatoa pesa: "Leo nusu kwa nusu." Siku hiyo mimi nachukua moja, na nyengine za mama. Nimeshauziwa mahali pengine "mkate wa mtama" ambao mashine yangu iliukana saa mbili baadaye, kwa hiyo neno hilo la bibi nalithamini kuliko supu.

Jiko letu sasa liko karibu kwisha. Saruji yote ya zamani imebanduliwa, boriti mpya zimeingia, na chokaa iliyozimwa kwa maji tangu mwanzo wa kazi imeiva kwenye shimo, nyeupe na laini kama mtindi. Nilikuwa nikimuhimiza fundi aitumie mapema, naye alikuwa akinijibu kwa upole kwamba bado haijaiva. Siku moja nikamkuta bibi anamwambia mteja neno hilo hilo kuhusu kinyunya chake, na tangu hapo nimeacha kumuhimiza fundi.

Wiki iliyopita fundi aliniuliza pale pembeni ya dirisha aweke nini, kwa sababu kwenye mchoro nilikuwa nimeomba kabati. Nimemwambia aache wazi, aniwekee kizingiti cha mawe na tundu la kutolea moshi. Bibi amekubali kunifundisha kufinyanga jiko dogo, la mofa nne tu, kwa udongo mwekundu uliobaki kwenye ujenzi. Ameniambia nije na mikono mitupu na nguo za kuchafua, Jumapili baada ya adhuhuri, siku ambayo haoki.

Jumamosi tunapiga mkono wa mwisho wa chokaa. Mafundi watakuwa sita, na mama anataka wale ndani ya jiko lenyewe, chini, juu ya mkeka. Nimeshaagiza mofa ishirini na tano na sufuria nzima ya supu, na kisufuria changu pembeni.